Wakongwe wa rege kwenye mizani ya kasia

Ubishi ulianza kwa sababu ya simu. Ilikuwa Nkanka, Rwanda, upande wa Rusizi unaotazamana na kisiwa cha Nkombo, jua limeinama, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakiandaa mitumbwi yao. Anayelijua ziwa Kivu anajua namna inavyofungwa: mitumbwi mitatu mirefu inakaa sambamba, inashikanishwa kwa miti, halafu miti mingine mirefu zaidi inatokeza mbele na nyuma kama pembe za kushikilia wavu. Kijana mmoja alikuwa ametumbukiza simu yake ndani ya kikombe cha bati ili sauti iongezeke, na humo kikombeni alikuwa akiimba Lucky Dube.

Mwenzake aliyekuwa akifuta taa akasema huyo ndiye mkubwa kuliko wote waliowahi kuimba rege. Wa pili akamtaja Bob Marley. Wa tatu, aliyekaa Bukavu miaka mingi, akaapa kwamba hakuna anayemfikia Alpha Blondy. Mara ufuo mzima ukawa unabishana, na wavu bado haujapakiwa.

Nikamgeukia mzee aliyekuwa amekaa ukingoni akishona tundu la wavu. Nikamwuliza, "Mzee, wewe unasemaje?"

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "wimbo usiopigika kasia mimi siuhesabu."

Wavuvi wa Kivu huenda ziwani wakiimba. Mmoja anatoa, wote wanaitika, na makasia yanazama kwa pamoja. Hiyo si burudani ya kando. Bila wimbo, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja huvutana, mmoja huku mwingine kule. Na rege inaingia kwenye kazi hiyo kama mkono kwenye glavu ya saizi yake: mwendo ni wa taratibu, ngoma nzito inaangukia pigo la tatu, gitaa linakata katikati. Kasia linazama na ngoma, linatoka na gitaa. Nilijaribu mwenyewe jioni ile, nikiwa nimekalia ukingo wa mtumbwi uliofungwa bado gatini, na mabega yangu yalielewa kabla ya kichwa.

Niliwaahidi kurudi na hesabu: nani wa kwanza, nani aliyedumu zaidi, nani aliyeuza zaidi, nani aliyekusanya watu wengi zaidi. Hesabu ndiyo hii, na kila aliyemo nimempitisha kwanza kwenye kasia la mzee.

Aliyelitaja jina kwanza

Mwaka 1968 kundi la Toots and the Maytals la Jamaika lilitoa wimbo "Do the Reggay", na huo ndio unaotajwa kila mahali kuwa wa kwanza kulibeba jina la muziki huu, hata kabla watu hawajakubaliana namna ya kuliandika. Kiongozi wa kundi, Toots Hibbert, alikulia kwenye kuimba kanisani, na kanisa halikumtoka kooni mpaka mwisho.

Lakini rekodi yake ninayoipenda zaidi ni nyingine. Usiku wa 29 Septemba 1980 kundi lake lilipiga katika ukumbi wa Hammersmith Palais, London. Onyesho likanaswa, kanda zikakimbizwa kiwandani, santuri zikakandamizwa, zikatiwa kwenye majalada, na ndani ya saa 24 albamu ya onyesho la jana ilikuwa imefika madukani. Siku hizi mtu anarusha video hewani kabla jasho halijamkauka, hivyo ni rahisi kuona jambo hilo kuwa dogo. Wakati ule kila santuri ilikuwa kitu cha kushikika: lazima mtu akate bati la mfano, lazima mashine ipashe moto plastiki, lazima gari lisafirishe. Kitabu cha Guinness kiliiandika kuwa rekodi ya dunia.

Toots alifariki 11 Septemba 2020, ana miaka 77. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametoa albamu mpya, "Got to Be Tough", nayo ikashinda Grammy mwaka uliofuata. Nilipowasimulia vijana wa Nkanka habari hiyo, walinyamaza kidogo. Babu wa miaka 77 mwenye albamu mpya mkononi ni jambo wanalolielewa, kwa kuwa hapo ufukweni nao wako wazee wa umri huo ambao bado wanashona nyavu.

Kwenye kasia, hata hivyo, Toots ana tatizo. Anaimba kama mtu anayekimbilia basi la mwisho la kwenda Kigali. Makasia hayamfikii.

Waliodumu

Hapa ndipo neno mkongwe linapopata uzito wake. Wengi wana wimbo mmoja mkubwa. Wenye miaka 60 ya kazi unawahesabu kwa vidole.

Jimmy Cliff alipata wimbo wake wa kwanza uliovuma, "Hurricane Hattie", mwaka 1962, ana miaka 17 hivi. Albamu yake ya mwisho, "Refugees", ilitoka 2022. Hiyo ni miaka 60 kamili, na kati yake kuna filamu ya 1972, "The Harder They Come", iliyoipeleka rege mahali ambapo santuri hazikuwa zimefika. Kuna Grammy mbili zilizoachana kwa miaka 27, moja ya 1986 na nyingine ya 2013. Alifariki 24 Novemba 2025, ana miaka 81.

Namna alivyoanza inastahili kusimuliwa polepole. Kijana wa mashambani aliyefika Kingston hana kitu, alisimama kwenye duka la familia moja ya Wajamaika wenye asili ya Uchina lililoitwa Beverley's, mahali palipouzwa aiskrimu na santuri, akaimba wimbo aliouchomekea jina la duka. Mmoja wa wenye duka, Leslie Kong, hakuwa mtu wa muziki. Alisikia, akaamua palepale kuingia kwenye kazi ya kurekodi. Muda si mrefu Jimmy Cliff akawa ndiye anayewachunguza vijana wengine wanaobisha hodi pale, na mmoja wao aliyepitishwa mwaka huohuo wa 1962 alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Bob Marley. Kwa hiyo anayetaka kumpima Jimmy Cliff kwa santuri zake peke yake anamdhulumu. Mlango alioufungua ulipitisha wengi.

Burning Spear naye yumo, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kumwita wa kwetu. Jina lake la kuzaliwa ni Winston Rodney, mtoto wa St Ann's Bay, mji uleule alikozaliwa Marcus Garvey. Jina la jukwaani, lenye maana ya mkuki unaowaka, alilichukua kwa Jomo Kenyatta, ambaye ndiye aliyeitwa hivyo wakati wa kupigania uhuru wa Kenya. Alianza kurekodi 1969. Mwaka 2023, akikaribia miaka 80, alitoa albamu "No Destroyer". Grammy mbili anazo pia, ya 2000 na ya 2009. Mzee wa nyavu anamkubali kuliko wote wa Jamaika, na ninaelewa kwa nini: Burning Spear haimbi beti nyingi. Anachukua maneno machache, anayazungusha, anayarudia mpaka yanakuwa sala, na anawaachia wengine nafasi ya kuitika. Ndivyo wanavyoimba ziwani.

Mwanamke aliyedumu zaidi ni Marcia Griffiths. Alipanda jukwaani mara ya kwanza 1964, akawa mmoja wa watatu walioitikia nyuma ya Marley, na ana rekodi yake mwenyewe isiyo na mshindani: "Electric Boogie" inahesabiwa kuwa santuri ya wimbo mmoja iliyouzwa kuliko zote za mwanamke wa rege. Mtunzi ni Bunny Wailer. Wimbo huo ndio unaochezwa kwa kujipanga mistari kwenye harusi za Wamarekani weusi, na wengi wanaoucheza hawajui kwamba ni wa Jamaika.

Wimbo wa kwetu uliosafiri mbali kuliko wote

Vijana wa Nkanka hawakumtaja hata mtu mmoja wa Kenya, nami niliona ni haki kuwatia Wakenya kwenye mizani, kwa kuwa rege ya Kiswahili iliyofika mbali zaidi duniani ilitoka Mombasa.

Mwaka 1969 ndugu wa familia ya Harrison, wenye asili ya Kaloleni, walianzisha bendi yao ambayo baadaye ilijulikana kama Them Mushrooms. Kiongozi wao alikuwa Teddy Kalanda. Walipiga chakacha, walipiga miziki ya wakati ule, na rege walianza kuipiga mapema kiasi kwamba wanahesabiwa miongoni mwa bendi za kwanza za Afrika Mashariki kuishika. Walifanya kazi kwenye hoteli za pwani, mbele ya wageni wanaobadilika kila wiki: leo Wajerumani, kesho Waitaliano, keshokutwa Waingereza. Wageni hao waliuliza maneno yaleyale kila siku. Unasalimiaje? Unajibuje? Unasemaje kwamba mambo ni mazuri?

Teddy Kalanda akayachukua maneno hayo ya siku ya kwanza ya mgeni akayatungia wimbo. Ukapewa jina "Jambo Bwana", ukatolewa na Polygram mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukauza nakala zaidi ya 200,000 ndani ya miaka michache. Kwa soko la Kenya la wakati ule hicho kilikuwa kimo cha mlima. Mwaka 1983 kundi la Boney M, lililokuwa likitikisa Ulaya nzima, likaurekodi kwa namna yake na kuuita "Jambo – Hakuna Matata". Baada ya hapo haukuwa tena wa mtu mmoja. Safari Sound Band wakaupiga, Mombasa Roots wakaupiga, na mpaka leo hakuna hoteli ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Zanzibar, ambayo jioni haijawahi kuusikia.

Kuna wasomi wa Kiswahili wanaoudharau. Wanasema ni wimbo wa watalii, kwamba Mswahili halisi hasalimii hivyo, kwamba hata hilo neno "matata" kwa maana ile ni la pwani ya hoteli. Ni kweli kwamba hapa Rusizi mtu atakwambia hakuna shida, na Bukavu vilevile. Hata hivyo sikubaliani nao. Kutunga wimbo ambao mtu asiyejua lugha anaweza kuuimba wote baada ya kuusikia mara mbili ni ufundi mkubwa, na waliojaribu kuuiga wanajua ugumu wake. Teddy Kalanda alifundisha salamu za Kiswahili kwa watu wengi kuliko mwalimu yeyote ninayemjua, na hakuwa na ubao wala chaki.

Sasa angalia ulivyozunguka. Mwaka 1994 filamu ya katuni ya Disney kuhusu simba iliyafanya maneno mawili yaleyale ya Kiswahili, "hakuna matata", kuwa wimbo wa watoto wa dunia nzima. Wimbo huo ni mwingine na watunzi wake ni wengine, ila maneno ni ya lugha yetu. Mwaka 1995 ikatoka albamu ya kufuatia filamu, "Rhythm of the Pride Lands", na aliyeitwa kuuimba wimbo huo kwa mtindo wa rege, pamoja na Lebo M wa Afrika Kusini, alikuwa Jimmy Cliff. Yule kijana wa kwenye duka la aiskrimu, miaka 33 baada ya wimbo wake wa kwanza uliovuma, anaimba Kiswahili. Mwaka 2003 Disney ikapewa hati ya kuyamiliki maneno hayo kwenye nguo nchini Marekani, na 2018 watu zaidi ya 100,000 wakatia sahihi ombi la kupinga. Mimi ningetia sahihi pia. Maneno ya watu hayafai kuwa na mwenye hati.

Them Mushrooms walihamia Nairobi mwaka 1987. Hawakukalia wimbo mmoja kama kuku kwenye yai. Walimrudisha studio mkongwe Fundi Konde, walirekodi na Malika wa taarabu, walirekodi na Queen Jane wa nyimbo za Kikikuyu. Kwa muda wakajiita Uyoga, kisha jina la zamani likawashinda nguvu. Teddy Kalanda alifariki 2024, zaidi ya nusu karne tangu bendi ianze. Ikiwa tunatafuta kazi ndefu kuliko zote katika rege ya Afrika Mashariki, hapo ndipo pa kutazama, na sidhani kama kuna anayekaribia.

Mzee wa Nkanka aliujaribu "Jambo Bwana" kwenye kasia. Ulipita bila taabu.

Mauzo na umati

Kwenye mauzo hakuna ubishi. "Legend" ya Bob Marley and the Wailers, iliyotolewa Mei 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake, imeuza nakala zaidi ya milioni 25, na imekaa kwenye orodha ya Billboard 200 ya Marekani zaidi ya wiki 800. Hakuna albamu ya rege inayoisogelea. Ila Marley alifariki akiwa na miaka 36. Hakupata nafasi ya kuwa mkongwe, na sehemu kubwa ya rekodi hiyo imefanywa na wasikilizaji waliozaliwa yeye akiwa kaburini.

Kwenye umati, mwenye rekodi kwa upande wetu wa Afrika ni yeye tena, naye hakuwepo. Tarehe 6 Februari 2005, siku ambayo angetimiza miaka 60, Rita Marley na wanawe walifanya onyesho katika uwanja wa Meskel, Addis Ababa. Makadirio yanasema walifika watu zaidi ya 200,000. Ukitaka kuelewa ukubwa huo, waza uwanja wa Amahoro wa Kigali ukijaa mara nne kisha watu bado wanakuja.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuhudhuria onyesho moja tu katika historia ya muziki huu, nisingechagua Addis. Ningechagua uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, usiku wa 17 kuamkia 18 Aprili 1980, Rhodesia ilipokuwa ikizaliwa upya kama Zimbabwe. Marley aligharamia mwenyewe kusafirisha vyombo vyake. Wageni rasmi walikuwa ndani, wananchi waliopigania nchi walikuwa nje ya geti wakisukumana kuingia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, moshi ukapanda mpaka jukwaani na wanamuziki wakakimbia. Marley akarudi akaendelea. Siku iliyofuata akapiga tena, safari hii kwa ajili ya watu wa kawaida. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha rekodi.

Kura

Rekodi ya kura ni ya jirani zetu wa kaskazini. Robert Kyagulanyi, ambaye watu wanamjua kwa jina la Bobi Wine, alizaliwa 1982, akapata jina lake kwa rege na dancehall ya mitaa ya Kamwokya, Kampala, akaingia bungeni 2017, na 2021 akagombea urais wa Uganda. Kwa matokeo yaliyotangazwa alipata kura zaidi ya milioni 3.4, karibu asilimia 35. Yeye alipinga matokeo hayo. Kwa vyovyote, sijui mwimbaji mwingine wa rege aliyewahi kupigiwa kura nyingi hivyo popote duniani. Wanasiasa wa Jamaika wamezitumia nyimbo za rege kwenye kampeni tangu miaka ya 1970, lakini kwa Uganda mwimbaji mwenyewe ndiye aliyesimama kwenye karatasi ya kura.

Lugha

Yule wa Bukavu alikuwa na hoja yake. Alpha Blondy wa Kodivaa, aliyezaliwa 1953, ameimba kwa Kidiula, Kifaransa, Kiingereza, na akaingiza Kiarabu na Kiebrania. Albamu yake "Jerusalem" ya 1986 ilirekodiwa Kingston kwenye studio ya Marley, na waliompigia ni Wailers wenyewe. Kwa sisi tuliokulia upande wa ziwa ambako redio zilisema Kifaransa, yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba rege haihitaji Kiingereza.

Huku kwetu jambo hilo lilithibitishwa na Justin Kalikawe wa Bukoba, mwendo wa siku moja tu kutoka Kigali, aliyeimba rege kwa Kiswahili na kuwafanya watu wa Kagera waone ni muziki wa nyumbani. Alifariki mapema mno. Nyimbo zake zinapigika kasia zote, mzee hakuwa hata na haja ya kujaribu, alizijua tayari. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, ila huku Rusizi kilikuwapo sokoni na kwenye maboti miaka mingi kabla ya sheria kukifikia, na nyimbo za watu kama Kalikawe zilikuja pamoja na bidhaa.

Aliyekuwa kikombeni

Nimemwacha mwisho yule aliyeanzisha ubishi.

Lucky Dube alizaliwa 3 Agosti 1964 karibu na Ermelo, Afrika Kusini. Mama yake alikuwa amepoteza mimba kabla yake, ndiyo maana akamwita mwenye bahati. Alilelewa na bibi yake. Akiwa mtoto alifanya kazi ya kutunza bustani za watu, kisha akaona mshahara haulishi familia, akaenda shule, na shuleni ndiko alikokutana na kwaya na vyombo vya muziki. Alianza na mbakanga, muziki wa Kizulu, akiwa na binamu yake Richard Siluma. Albamu hizo ziliuza vizuri. Angeweza kukaa hapo maisha yake yote.

Mwaka 1984 akatoa albamu fupi ya rege, "Rastas Never Die". Iliuza nakala 4,000 hivi, wakati albamu zake za mbakanga zilizoea kufika 30,000. Serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Mtu mwingine angesoma hesabu hiyo akarudi kwenye mbakanga. Yeye akarudi studio, 1985 akatoa "Think About the Children", ikapata platinamu. Mwaka 1987 "Slave" ikauza zaidi ya 500,000. Ikafuata "Prisoner" mwaka 1989, na kuanzia hapo hapakuwa na kijiji chenye redio ya betri ambacho hakikumjua. Mwaka 1991 alikuwa Mwafrika Kusini wa kwanza kupanda jukwaa la Reggae Sunsplash huko Jamaika, na watu wa nchi iliyoizaa rege walimwita arudi jukwaani, akaendelea kwa dakika 25 zaidi. Mwaka 1996 Tuzo za Muziki za Dunia zikamtaja kuwa msanii wa Afrika aliyeuza kuliko wote. Kwa jumla ni albamu 22 ndani ya miaka 25, kwa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana.

"Slave" ni wimbo kuhusu ulevi. Watu wanaocheza kilabuni na chupa mkononi wanausahau ujumbe huo. Mwimbaji hakunywa pombe, hakuvuta sigara wala bangi. Pale Nkanka niliwaona vijana wawili wakiuimba, na mmoja wao, aliyekuwa ameacha urwagwa, pombe ya ndizi, mwaka uliopita kwa sababu ya mtoto wake mchanga, aliufunga mdomo kwenye kiitikio akasikiliza tu.

Tarehe 18 Oktoba 2007, usiku, Rosettenville, Johannesburg, Lucky Dube alikuwa ametoka kuwashusha watoto wake wawili kwa ndugu. Wezi wa magari wakampiga risasi. Alikuwa na miaka 43. Mahakamani ilielezwa kwamba waliomwua hawakumtambua. Walidhani ni Mnigeria. Mtu aliyeimba "Together As One", kwamba Waafrika tuwe wamoja, aliuawa na watu waliomwona kuwa mgeni. Mwaka 2009 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Nimeandika habari hii mara kadhaa katika maisha yangu ya uandishi na bado sijapata namna ya kuiandika bila kusimama.

Nilimwuliza mzee kama Lucky Dube anastahili kuitwa mkongwe, maana hakufika hata miaka 50. Alifikiri sana. Akasema miaka inahesabiwa na waliobaki wakiimba. Halafu akaukung'uta wavu, akaniomba nimpishe njia, kwa kuwa giza lilikuwa limeshaingia na sambaza hazisubiri.

Walisukuma. Kijana wa simu akakitoa kikombe cha bati akakiweka chini ya ubao wa mbele, akauzima wimbo ili kuokoa betri. Kwa muda ilisikika sauti ya maji peke yake na miti ikilalama kwenye vifungo. Kisha mmoja akatoa, wengine wakaitika, makasia yakazama. Walikuwa wakiimba "Prisoner", bila gitaa, bila ngoma, kwa Kiingereza kilichokwisha kuwa Kinyarwanda nusu, na taa yao ikapungua ikielekea upande wa Nkombo.